SOMO LA MSIMU: KUYATAYARISHA MAGATI, MADIKO NA VYOMBO KABLA YA KUSI



Kila mwaka, kaskazi inapotulia, visiwa vyetu vya Unguja na Pemba hupita katika siku chache za tanga mbili, yaani siku ambazo upepo hauna mwelekeo mmoja. Baadaye huja mvua za masika, na pamoja nazo huingia upepo wa kusi. Mpangilio huu si mgeni kwa mkaazi yeyote wa visiwa hivi. Wazee wetu waliuhesabu kwa miongo, kumi baada ya kumi, kuanzia Nairuzi, wakajua lini pa kulima na lini pa kusafiri. Hata hivyo, kila mwaka pia hutufikia habari za mashua iliyojaa maji ikazama hali ya kuwa imefungwa, ngalawa iliyovunjika ndubi juu ya mwamba, na gati lililopoteza mbao zake kwa usiku mmoja. Aghlabu lawama hutupiwa bahari.

Madhumuni ya somo hili ni kueleza kwamba sehemu kubwa ya hasara hizo huwa imekwisha kuamuliwa kabla upepo haujaanza kuvuma. Nguzo inayoanguka mwezi wa Julai ilikwisha kuliwa tangu Januari. Kamba inayokatika usiku wa bamvu ilikwisha kuchakaa tangu Machi. Kwa hiyo kazi ya kujikinga na kusi ni kazi ya kaskazi na ya tanga mbili, na kila mmoja wetu, mwenye chombo na mwenye ofisi, anayo sehemu yake ndani ya kazi hiyo.

1. UPEPO WENYEWE NA NGUVU ZAKE

Kusi huanza kushika mwezi wa Aprili, hukaza zaidi baina ya Juni na Agosti, na hupungua taratibu wakati wa demani hadi kuingia vuli. Yafaa ieleweke kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa haukisukumi chombo mara mbili tu ya upepo wa kilomita 20 kwa saa, bali hukisukuma mara nne. Ndiyo maana nanga iliyokishika chombo vyema siku zote za kaskazi huweza kukokoteka mara moja kusi inapokaza, ijapokuwa nahodha hakubadilisha kitu.

Tahadhari zitolewazo na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Wako wanaozisikia takwimu hizo katika redio wakazichukulia kuwa ni ndogo. Kwa ngalawa, ambayo ubavu wake haufiki hata mita 1 juu ya maji, wimbi la mita 2 si jambo dogo.

Vile vile mabadiliko ya msimu huweza kuleta jambo kubwa zaidi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza karibu merikebu zote za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini, na kikang'oa mikarafuu mingi ya kisiwa hicho. Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikaribia mwambao wa Tanzania, na usafiri wa boti baina ya Unguja na Dar es Salaam ukasitishwa. Vimbunga katika bahari yetu ni nadra, lakini mwaka 1872 na mwaka 2024 vilikuja katika miezi ile ile ya kuingia kwa kusi.

2. BAMVU NA KUSI ZIKIKUTANA

Upepo peke yake hauleti madhara makubwa katika madiko yetu mengi, kwa sababu mwamba ulioko mbele ya pwani huyavunja mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Madhara huja pale upepo unapokutana na maji makubwa. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu bahari huingia bamvu, na tofauti baina ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4. Katika siku za maji mafu tofauti hiyo haifiki hata nusu ya hapo. Maji ya bamvu yanapojaa, mwamba huzama chini sana, mawimbi hupita juu yake bila ya kuvunjika, na hufika mpaka kwenye nguzo za gati na kwenye vyombo vilivyoegeshwa ufukweni.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulijua bila ya kulitumia. Katika bandari ya Unguja, siku za bamvu maji hujaa karibu na saa 10 hadi saa 11, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4 hadi saa 5, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba mojawapo ya nyakati mbili za hatari kwa siku huangukia alfajiri, wakati diko halina watu. Na maana yake pia ni kwamba wakati ulio bora wa kuzikagua nguzo za gati, maji yakiwa chini kabisa, huangukia asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Mwenye kutaka kufanya ukaguzi basi asingoje siku yoyote tu, bali aichague asubuhi ya bamvu.

3. GATI

Katika nchi za baridi, kama vile Kanada na Ufini, maziwa huganda wakati wa kipupwe. Barafu huzishika nguzo za magati, na maji yanapopanda, barafu hupanda nazo na kuzing'oa mfano wa msumari unavyong'olewa kwa koleo. Kwa sababu hiyo wenyeji wa huko huvipandisha nchi kavu vipande vya gati vinavyoondoleka kabla ziwa halijaganda. Sisi hatuna barafu, lakini kanuni ni ile ile, nayo yaweza kufuatwa katika gati lolote dogo la shehia: kinachoweza kuondolewa kiondolewe mapema, na kinachobaki kikaguliwe na kukazwa.

(a) Nguzo za miti. Adui mkubwa wa mti uliomo baharini ni mdudu atoboaye mbao. Watu humwita mnyoo kwa umbo lake, lakini kwa hakika ni jamii ya chaza na kome. Huingia mtini akiwa mdogo mno kuonekana, akaacha tundu dogo kwa nje na kuchimba njia ndefu ndani. Hivyo nguzo huweza kuonekana nzima huku ndani imekuwa kama sega la nyuki. Igongwe kwa nyundo kuanzia usawa wa mchanga kwenda juu. Mti mzima hutoa mlio mkavu, na mti ulioliwa hutoa mlio mzito uliozibwa. Kisha ichomwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila ya taabu, nguzo hiyo ibadilishwe, isipigwe kiraka.

(b) Nguzo na sakafu za saruji. Chumvi hupenya katika saruji mpaka ikaifikia nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na uvimbe huo huipasua saruji kutoka ndani. Dalili zake ni nyufa nyembamba zifuatazo mstari wa nondo na michirizi ya rangi ya kutu. Ufa wa aina hii usifunikwe kwa lipu ya juu juu, kwani kutu huendelea chini yake. Sehemu iliyopasuka ibanduliwe, nondo isuguliwe mpaka ing'are, kisha ijazwe saruji mpya. Saruji hiyo isikorogwe kwa maji ya bahari wala kwa mchanga wa pwani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuitia chumvi tangu siku ya kwanza.

(c) Chuma na misumari. Sehemu inayoliwa upesi zaidi ni ile iliyo juu kidogo ya maji kujaa, ambapo chuma hurushiwa maji ya chumvi na hewa kwa zamu. Bolti zote za sehemu hiyo zikazwe, na zilizoliwa zitolewe. Shaba na chuma visigusane, kwani vikikutana ndani ya maji ya chumvi chuma huliwa kwa haraka.

(d) Sakafu ya mbao. Wimbi hulipiga gati kutoka chini, na sakafu isiyo na nafasi huinuliwa kama mlango. Mbao ziachiwe nafasi ya upana wa kidole baina ya moja na nyingine, ili maji yapate pa kutokea. Mbao za ncha ya mwisho, ambazo ndizo hupigwa zaidi, zifungwe kwa namna ya kuondoleka, zitiwe namba, na zihifadhiwe nchi kavu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti iwapo gati halitumiki kwa abiria. Ubao uliohifadhiwa hurudishwa Septemba, na uliochukuliwa na bahari hununuliwa upya.

(e) Chini ya nguzo. Mawimbi huchimba mchanga kuzunguka nguzo. Panapoonekana shimo, lijazwe mawe makubwa yaliyopangwa, si mchanga, kwani mchanga utaondoka kwa njia ile ile uliyoondokea wa mwanzo.

4. CHOMBO

Mashua, dau au ngalawa ipandishwe pwani kwa ajili ya matengenezo kabla ya masika, si baada yake. Sababu yake ni moja: kalafati na deheni havishiki juu ya mbao zilizolowa. Mwenye kungoja mpaka mvua zianze huipaka dawa mbao iliyojaa maji, na dawa hiyo hubanduka kabla ya mwezi mmoja.

Chombo kijahabiwe wakati wa bamvu maji yakiwa yamejaa, ili kifike juu zaidi ya pwani, kisha kisimamishwe kwa miti ya gadi pande zote mbili, si upande mmoja. Kila mti wa gadi uwekewe ubao chini yake usije ukazama mchangani. Baada ya hapo kazi ifuate mpango huu:

Kwanza, ubavu wa chini ukwanguliwe chaza na magamba yote. Pili, pale ambapo ni desturi, chombo cha mbao kipitishiwe moto mwembamba wa makuti ili kuwaua wadudu waliomo. Moto huo usiachwe bila ya mtu, usisaidiwe kwa petroli, na usikaribie kabisa boti ya faiba. Tatu, pamba kuukuu itolewe katika maungo ya mbao, na pamba mpya iliyotiwa mafuta ipigwe kwa patasi. Nne, sehemu ya chini ipakwe deheni ya shahamu na chokaa, na sehemu ya juu ipakwe sifa. Tano, mkuku na mataruma vikaguliwe kwa ndani, hasa mahali maji ya ngama yanapokaa. Kwa ngalawa, kamba zinazofunga mirengu na ndubi zibadilishwe zote kwa pamoja. Ukibadilisha moja, zilizobaki ndizo zitakazokatika.

Mashine ya boti nayo isafishwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya safari, na plagi zake zikaguliwe. Mashine kuzimika katika kaskazi ni usumbufu. Kuzimika karibu na mwamba wakati wa kusi ni msiba.

Liko pia suala la mvua. Tuchukue mashua yenye uwazi wa mita 6 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu katika usiku mmoja wa masika, huijaza mashua hiyo lita 300 za maji, yaani uzito wa kilo 300. Usiku wa pili huongeza zile zile. Hivi ndivyo vyombo vinavyozama vikiwa vimefungwa, bila ya wimbi wala tundu. Chombo kisichotumika kipandishwe pwani na kifunikwe, na kilichobaki majini kiwe na mtu anayejulikana wa kufua maji kila asubuhi.

5. NANGA NA KAMBA

Kanuni ya mabaharia ni kwamba kamba ya nanga iwe si chini ya mara 5 ya kina cha maji. Kosa linalotokea sana ni kukipima kina hicho maji yakiwa yamepwa. Tuseme mahali pana mita 2 maji yakipwa. Mara 5 yake ni mita 10, na nahodha huridhika. Lakini bamvu likijaa huongezeka mita 4, kina kikawa mita 6, na kamba yake ya mita 10 haifiki hata mara 2. Nanga huinuliwa kutoka juu badala ya kuvutwa kwa ubavu, na huachia. Kamba iliyostahiki ni ya mita 30. Kipande cha mnyororo kikifungwa baina ya nanga na kamba, nanga hulala vizuri zaidi na kamba haikatwi na mawe.

Anayefunga chombo gatini naye akumbuke mita hizo 4. Kamba fupi iliyofungwa maji yakiwa yamejaa hukiacha chombo kikining'inia maji yakipwa, na iliyofungwa fupi maji yakiwa yamepwa hukizamisha omo maji yakijaa. Kila mahali ambapo kamba husugua pavishwe mpira kuukuu wa maji au kitambaa cha tanga. Mipira ya magari iliyochakaa itundikwe baina ya chombo na gati. Aidha, vyombo visiegeshwe karibu karibu, kwani chombo chenye kamba ya mita 30 huzunguka duara kubwa, na mara nyingi hasara ya chombo kimoja huanzia kwa jirani yake.

6. WAJIBU WA WATUMISHI WA SERIKALI

Hapa ndipo penye jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na humalizika tarehe 30 Juni. Kusi huingia Aprili. Kwa hivyo upepo unapoanza kuvuma, ofisi nyingi zimo katika robo ya mwisho ya mwaka, na fungu la matengenezo limekaribia kumalizika. Ombi la kubadilisha nguzo linaloandikwa mwezi wa Mei hulikuta kasha tupu, na jibu lake huja wakati gati limekwisha kuanguka. Huu si uzembe wa mtu mmoja. Ni hesabu ya miezi miwili isiyolingana, ule wa bahari na ule wa vitabu vya fedha.

Dawa yake ni kuutanguliza ukaguzi. Ofisi za Wilaya, Masheha, maafisa wa uvuvi na Mabwana Diko wanakumbushwa kufuata kalenda hii:

Oktoba na Novemba: Kusi ikiisha, gati na diko vikaguliwe asubuhi ya bamvu, na madhara yaandikwe yakiwa bado mapya. Taarifa itaje idadi ya nguzo, mbao na bolti, si maneno ya jumla kama vile "gati ni bovu". Ombi lenye idadi hupangiwa fedha, na lisilo na idadi hurudishwa kwa maelezo zaidi.

Disemba hadi Februari: Matengenezo makubwa ya mwaka huo yafanywe, mbao zikiwa kavu na siku zikiwa za jua.

Machi: Wenye vyombo wajahabu, wakalafati na wapake deheni. Kamati za wavuvi zipange nafasi za kuegesha.

Aprili na Mei: Kamba, nanga na mifereji ya maji ya mvua ikaguliwe. Mbao za ncha ya gati ziondolewe.

Juni hadi Septemba: Ukaguzi mfupi ufanywe kabla ya kila bamvu. Kwa kila mwezi ni mara mbili tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa gati, ukuta huo hujengwa kwa fedha za umma, na katika miezi ya kuusubiri ni mama mjamzito, mgonjwa na mtoto wa skuli wanaobebwa begani kupita majini ili wakifikie chombo.

7. SIKU YA TAHADHARI

Tahadhari ya upepo mkali inapotolewa, vyombo vidogo visitoke, na vilivyotoka virudi kwenye hifadhi iliyo karibu, si lazima diko la nyumbani. Vyombo vilivyoko pwani vivutwe juu zaidi ya alama ya bamvu lililopita. Abiria wasikusanyike juu ya gati. Hakuna chombo kinachostahiki kuokolewa kwa kumtosa mtu baharini usiku.

Tukumbuke kwamba MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita idadi iliyoruhusiwa, na MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, upepo ukiwa mkali. Misiba yote miwili ilitufika ndani ya msimu wa kusi. Maboya ya kujiokolea, idadi sahihi ya abiria na subira ya nahodha navyo ni sehemu ya matayarisho, kama ilivyo nguzo na kamba.

MASUALA YA KUZUNGUMZWA DIKONI NA OFISINI

1. Katika diko lenu, kina cha maji ni mita ngapi bamvu likijaa, na kamba za nanga zina urefu gani?
2. Ni nani anayefua maji katika vyombo ambavyo wenyewe wamesafiri?
3. Nguzo za gati lenu ziligongwa nyundo lini mara ya mwisho, na matokeo yaliandikwa wapi?
4. Je, ombi la matengenezo ya mwaka ujao limekwisha kupelekwa Wilayani, na limetaja idadi?

Diko litakaloweza kuyajibu masuala haya manne kabla ya Machi kumalizika litakuwa limefanya sehemu kubwa ya kazi yake. Wananchi wenye kuhitaji maelezo zaidi wamwone Sheha au Bwana Diko wa mahali pao. Watumishi wanaombwa walibandike somo hili katika mbao za matangazo, na walisome kwa sauti katika mikutano ya wavuvi, kwani wengi wa wale wanaolihitaji huwa baharini wakati ofisi zikiwa wazi.